Tiki ya Kijani

Shangazi yangu ni karani wa shule, mwaka wa kumi na moja huu. Anakaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, na wazazi wakitaka kusema naye huinama kana kwamba wamekuja kuungama dhambi. Anazijua sauti zao zote kwenye simu. Anamjua baba anayesema "nipo njiani" huku maji ya bafuni yakisikika, na mama ambaye kila muhula anafiwa na mjomba yuleyule. Shuleni wanamwita Mama Faili. Mtoto hana, mume alikuja akaondoka kama umeme wa mgao, lakini ukimwomba cheti cha mwanafunzi aliyemaliza miaka saba iliyopita, atanyoosha mkono bila kugeuza shingo na kukitoa.

Mwaka jana mwalimu mkuu alirudi kutoka semina akiwa na ugonjwa wa semina: kila kitu kihamie kwenye simu. Gari la shule nalo lipate programu yake. Watu wa kampuni walikuja wamefunga tai, wakanywa soda, wakataja bei, wakaondoka na soda zetu tumboni. Ndipo Shangazi akasema, "Nipeni mimi." Walimu walicheka. Yeye akaanza kujifunza kwa video, mchana wakati wa kula, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai, kijiko mkono huu na kalamu mkono ule. Mimi nilisoma kompyuta mihula mitatu kati ya sita, na hiyo inatosha familia nzima kuniita mtaalamu, kwa hiyo akikwama alinipigia. Baada ya miezi minne programu ikasimama. Siku alipoionyesha ofisini alikuwa amesuka nywele upya.

Ilikuwa na skrini mbili tu. Ya kwanza ni orodha ya watoto wote wanaopanda gari, kwa alfabeti. Dereva akigusa jina, inafunguka ya pili: juu jina la mtoto, katikati maelekezo ya nyumbani kwao, chini kitufe kikubwa kilichoandikwa NIMEMSHUSHA. Akikibonyeza, mzazi anapata ujumbe, "Mtoto wako ameshushwa nyumbani salama," na ofisini kwa Shangazi jina linapata tiki ya kijani.

Sasa, habari inatokaje skrini ya kwanza kwenda ya pili? Chukulia ni vyumba viwili na korido katikati. Njia nzuri ni mtu wa chumba cha kwanza kumkabidhi wa chumba cha pili bahasha mkononi: shika, ya mtoto huyu. Njia hiyo ilimsumbua Shangazi, kila akijaribu programu inagoma, akachoka, akaweka meza kwenye korido. Chumba cha kwanza kinaweka bahasha mezani. Cha pili kinakuja, kinaisoma, kinaiacha palepale. Ikiletwa mpya, ya zamani inatupwa. Jina la mtoto lilipita mkononi kwa mkono. Maelekezo ya nyumba na namba ya mzazi ndiyo yalikaa kwenye bahasha. Alinionyesha. Nikatazama dakika mbili, nikasema, "Iko sawa, Shangazi." Na ilikuwa inafanya kazi. Kila mtoto tuliyemgusa alikuwa na bahasha yake.

Mwezi uliofuata shule ikamwachisha kazi mama aliyekuwa anakaa nyuma ya gari kuwashika watoto mikono. Wa nini tena, na programu ipo?

Dereva wa siku zote, Mzee Breki, hakuwahi kuhitaji hayo maelekezo. Watoto aliwajua kwa visogo. Aliendesha, akashusha, akabonyeza vitufe vyote akiwa amekaa kwenye benchi la mlinzi, huku akilalamika kwamba simu inamchosha kuliko usukani. Shangazi alimgombeza, akaacha. Nani amgombeze mtu ambaye miaka tisa hajawahi kukosea geti?

Siku ya Alhamisi Mzee Breki akaenda kung'olewa jino.

Badala yake alikuja dereva wa kibarua, mtu mzima, mpole, shati kalichomekea hadi mbavuni. Shangazi alimwekea programu kwenye simu yake mwenyewe, akamwonyesha, akamwambia, "Kaka, ifuate hiyo hiyo. Usijiongeze." Naye hakujiongeza. Saa nane kamili mchana alirudi na gari tupu, akampa mlinzi ufunguo, akasema simu yake imekata chaji, akaenda zake. Anakaa upande gani wa mji, hakuna aliyejua.

Nilikuwepo ofisini kwa sababu ya printa, ambayo ilikuwa inakula karatasi kama mbuzi. Saa nane na robo simu ya mezani ikalia.

"Shule?" Ilikuwa sauti ya bibi kizee. Shangazi aliweka spika kwa kuwa mikono yote ilikuwa na wino. "Mke mwenzangu hajafika."

"Shikamoo, bibi. Nani huyo?"

"Marahaba. Mjukuu wangu. Yule mdogo, mpya, asiyesema na watu. Nimesimama getini mpaka miguu imekufa ganzi."

Shangazi akamkumbuka. Mtoto wa miaka minne na nusu, aliyeletwa mjini wiki ile kukaa na bibi yake. Walimwandikisha Jumatatu, darasani tayari wanamwita Kimya. Akafungua kompyuta, akashuka na orodha.

"Bibi, ameshushwa. Naona hapa, tiki ya kijani."

"Ameshushwa wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Nyumbani kwa nani? Nyumbani ni mimi hapa."

"Labda kapita hukumwona. Watoto hawa hupenya hata chini ya kiti. Angalia chumbani, angalia chooni, ulizia kwa jirani. Mfumo haudanganyi."

"Haya, mwanangu. Kama umeona wewe." Bibi akakata.

"Wazee," Shangazi akasema, akatikisa kichwa.

Nikacheka. Ni kweli kwamba nilicheka, na printa ikacheka nami, ikameza karatasi nyingine.

Dakika ishirini baadaye simu ililia tena, na safari hii Bibi hakusalimu wala hakungoja kusalimiwa. "Nimeangalia mpaka ndani ya pipa la maji," alisema. Maneno yalikuwa yanatoka mojamoja. "Nimetia mkono mpaka chini. Hayupo. Nimegonga nyumba tisa. Na huo ujumbe wenu mnaosema huwa unakuja, kwangu haukuja."

Shangazi alikuwa ameshika kalamu. Aliiweka mezani taratibu sana.

"Haukuja?"

"Haukuja."

"Bibi, nakuja. Kaa hapohapo getini, nakuja."

Akafungua faili la mtoto kwenye kompyuta. Jina lipo. Darasa lipo. Sehemu ya nyumbani, nyeupe. Namba ya mlezi, nyeupe. Jumatatu Bibi alieleza njia kwa mikono, kata hapa, pita pale, ukiona duka la mkaa usilifuate, simu zikawa zinalia, Shangazi akamwambia aende tu, ataandika yeye. Hakuandika. Siku ya kwanza Bibi alipanda gari pamoja na mtoto akamwonyesha Mzee Breki, basi mambo yakaenda.

"Kama hana bahasha," nikasema, "skrini ya kwanza inaweka nini mezani?"

Shangazi alichukua simu yake, akafungua programu. Akagusa jina la kwanza kwenye orodha; likaja geti la mtoto huyo. Akarudi nyuma. Akagusa jina la Kimya. Jina la juu likabadilika, likawa lake, kwa herufi kubwa. Chini yake likabaki geti lilelile la yule wa kwanza. Akarudi, akagusa mtoto mwingine, kisha Kimya. Geti likawa la huyo mwingine. Alifanya hivyo mara tano, kama mtu anayegonga mlango akijua ndani hakuna mtu. Kila mara mtoto yule alipewa nyumba mpya na programu haikuona aibu.

"Amemshusha kwa aliyemtangulia," alisema. "Kwa mtoto yeyote aliyeguswa kabla yake. Nani? Nani aliguswa kabla yake?"

Tiki kumi na nane za kijani, zote zinafanana. Saa hazikuwepo, aliniambia zamani kwamba saa ataziweka toleo lijalo. Dereva tulimpigia mara kumi na nne. Yule mwanamke wa kwenye simu alitujibu kwa adabu ileile mara kumi na nne kwamba hapatikani.

Shangazi akasimama katikati ya ofisi, viganja kichwani. Nilidhani atalia. Akasema, "Na namba. Namba ya mzazi nayo imo kwenye bahasha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ujumbe wa Kimya umeenda kwa mzazi wa huyo mwingine. Kuna mzazi leo ameambiwa mara mbili. Chukua simu. Wewe anza juu, mimi naanza chini."

Ujumbe wenyewe ulisema "mtoto wako" tu, bila jina, ndiyo maana hakuna mzazi aliyeshtuka. Tukapiga. Sijawahi kuchukia salamu za watu wetu kama siku ile: habari za kazi, nzuri, za nyumbani, salama, na wewe je, na mama je. Mmoja akaniuliza kama hii ni zawadi ya mtandao. Mmoja alinijibu, "Mara moja. Kwani mnataka niwashukuru?" Mmoja hakusoma ujumbe tangu mwezi uliopita na akaanza kunisomea wote, mmoja baada ya mwingine. Shangazi upande wake hakusalimu mtu. Mama Faili, ambaye humsalimia hata mfagizi kwa ukoo, alikuwa anasema tu, "Mara ngapi? Ujumbe leo, mara ngapi?" na kukata.

Nikiwa wa sita kwenye orodha yangu nikasikia anapiga meza kwa kiganja.

"Rudia, baba. Mara mbili?"

Alikuwa fundi wa mafriji, yuko kazini, nyuma yake mota ya friji inanguruma. "Mbili, mama, zimefuatana kama mapacha. Nikasema leo shule imenipenda."

"Kwako ni wapi?"

"Mbona mnapajua? Jengo la ghorofa tatu, geti jekundu, karibu na mafundi samani. Kuna nini? Binti yangu ana nini?"

"Binti yako hana kitu," Shangazi akasema, na alikuwa tayari mlangoni.

Tulichukua pikipiki mbili. Dereva wangu alitaka kuzungumza habari za mpira. Wake sijui aliambiwa nini, kwa sababu walipita kwenye matuta bila kupunguza mwendo. Njiani Shangazi alimpigia Bibi, kwa namba aliyoinakili kutoka simu ya mezani, akampa jina la mtaa.

Geti jekundu lilikuwa wazi. Ua wa saruji, kamba za nguo, ngazi, matairi mawili mabovu, tangi la maji la kuzikwa lenye mfuniko wa bati. Mtoto hayupo. Shangazi aliukimbilia mfuniko, akauinua peke yake, bati lenye uzito wa watu wawili, akalala kifudifudi akatumbukiza kichwa ndani. Nilimshika mkanda wa gauni. Maji yalikuwa meusi, yametulia. Akabaki hivyo mpaka nikamvuta.

Binti wa fundi alikuwa ghorofa ya pili, darasa la pili, anakula mkate na sare ya shule mwilini.

"Mtoto mdogo? Ndiyo, tulishuka naye," alisema. "Dereva alisema ni ndugu yangu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bai."

"Dereva?"

"Mtoto. Nikapanda juu. Nilikuwa na njaa."

"Na hukumwambia mtu kwamba huyo si ndugu yako?"

Msichana akamtazama Shangazi kwa mshangao, mkate umesimama njiani. "Hakuna aliyeniuliza."

Chini, mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo akatuita kabla hatujamuuliza. "Wa sweta la bluu? Alisimama hapa muda mrefu ameshika shuka langu. Nikamwambia, wewe, nenda kwenu, utanichafulia. Jamani, sikujua. Nilidhani ni wa humuhumu. Akaenda."

"Akaenda wapi?"

Akaonyesha geti. Nje ya geti kuna barabara ya malori.

Saa moja iliyofuata siwezi kuipanga vizuri. Shangazi aliingia kila duka. Alishika watu mikono, watu asiowajua, akawaambia, "Miaka minne na nusu, sweta la bluu, haongei." Wakimuuliza jina ili wamwite, anasema, "Mkimwita haitiki." Aliingia kwenye mtaro wa maji machafu na viatu vya ofisini, akatembea ndani yake hadi kwenye kalavati, akapiga magoti, akachungulia, akatoka na tope hadi mapajani. Kiatu kimoja kilibaki humo. Malori yakipita alifumba macho, kisha anatazama barabarani palipopitwa, kila lori, kila mara. Nilimwambia apumzike nikimbie mimi. Akasema, "Nilimwambia bibi yake mfumo haudanganyi." Akaendelea kutembea.

Bibi alifika kwa pikipiki, kanga imemfunguka, akashuka kabla haijasimama. Hakututazama. Alikwenda katikati ya mtaa akaita kwa sauti ambayo sikudhani mwili ule unayo: "Mke mwenzangu! We mke mwenzangu!" Vijana waliokaa kibarazani wakacheka, bibi kizee anamsaka mke mwenza barabarani. Wakamwona uso. Wakasimama mmoja mmoja na kuanza kutafuta nao.

Mwalimu mkuu alipiga wakati huo. Shangazi akaweka spika kwa kidole chenye tope. "Nimesikia," alisema mkuu. "Sikiliza, Mama Faili. Wakija watu kuuliza, ni dereva. Dereva wa kibarua amekosea nyumba, tumeshamwondoa. Programu usiitaje kabisa. Umenielewa?"

"Mtoto bado hajaonekana, mwalimu."

"Ndiyo, ndiyo. Ila umenielewa?"

Shangazi akaizima simu.

Saa kumi na nusu mmoja wa wale vijana wa kibarazani akapiga mluzi kutoka kwa mafundi samani. Kulikuwa na makochi yamepangwa nje, bado yana nailoni. Kwenye la mwisho, kona ya ukuta, sweta la bluu lilikuwa limejikunja, begi kifuani, viatu vimevuliwa na kupangwa chini sambamba. Alikuwa amelala. Nailoni chini yake ilikuwa imelowa mkojo.

"Nilidhani wa mteja," fundi samani alikuwa anajitetea kwa kila mtu. "Wateja wakianza kuchagua vitanda husahau hata watoto. Nikasema nimwache, watarudi."

Bibi alimnyanyua. Mtoto akafungua macho, akamtambua, akamshika masikio yote mawili kwa nguvu kama anayemzuia asiruke. Bibi alimpapasa kichwa, mikono, miguu, kidole kwa kidole. Halafu akauliza, polepole, "Mbona hukumwambia dereva kwamba kule si kwetu?"

Ile ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia sauti ya Kimya. Ilikuwa nene kuliko nilivyodhani.

"Alinionyesha simu," alisema. "Akasema imeandikwa."

Shangazi alikaa chini, palepale kwenye maranda ya mbao.

Watu walishaanza. Dereva mlevi huyo. Apelekwe polisi. Wanaokota madereva barabarani hawa. Bibi naye akaitikia, amekasirika sasa, hasira iliyokuwa imechelewa njiani: "Nikimpata huyo dereva! Nikimpata mimi!"

"Si dereva," Shangazi akasema.

Hawakumsikia. Akasimama, kiatu kimoja mguuni, akarudia kwa sauti ya dirishani kwake. "Si dereva, bibi. Dereva alifanya nilichomwambia. Ile programu nimeitengeneza mimi. Maelekezo ya kwako sikuyaandika, na programu isipokuwa na maelekezo inatoa ya mtoto mwingine. Nimeitengeneza vibaya."

Bibi alimtazama. Mambo ya skrini na bahasha hakuyahitaji, na hakuyauliza. Aliuliza jambo moja.

"Ile mara ya kwanza nilipokupigia. Ulikuwa unajua alipo?"

"Hapana."

"Ukaniambia amefika."

"Niliona tiki."

"Nikarudi ndani kumtafuta chini ya kitanda," Bibi alisema. "Dakika ishirini, natafuta chini ya kitanda, na yeye yuko hapa barabarani. Kwa sababu umeniambia wewe."

Shangazi aliinama, akaviokota vile viatu viwili vidogo, akapiga magoti kumvalisha mtoto. Kimya akavuta miguu yake, akaificha ndani ya kanga ya bibi yake.

"Vilete hapa," Bibi akasema. Akavichukua, akavitia kwapani. Akaondoka na mjukuu wake kwa miguu, pikipiki inamfuata nyuma polepole, dereva wake anambembeleza apande. Shangazi alibaki amepiga magoti kwenye maranda mpaka fundi samani akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba anataka kufunga.